Kinyaa

Neno hili hutaja uchafu wenyewe na pia moyo unaoukataa. Wabudha wa kale waliyatenganisha hayo mawili. Katika Theragatha, mashairi ya watawa wa kale, Mahakassapa, mwanafunzi wa Buddha, asimulia jinsi mwenye ukoma alivyomtilia tonge bakulini, na kidole kilichooza kikakatika, kikaangukia humo humo. Akaketi kando ya ukuta, akala, wala hakuona kinyaa. (Mimi ningekwisha kimbia.) Lakini Buddhaghosa, mfafanuzi wa maandiko huko Sri Lanka karne ya 5, awafundisha watawa kinyume chake: wauonee kinyaa hata wali mzuri, wakikumbuka unavyotafunwa, unavyochanganyika na mate na unavyoishia. Anapiga vita uroho. Na aliyefikia mwangaza, yasema maandiko ya Kipali, huweza kuliona lichukizalo bila kinyaa, na lipendezalo kwa kinyaa, apendavyo.