Kompyuta Ilipojifunza Kuuliza Kazi ya Mtu

Kila robo mwaka, mimi mkaguzi wa ndani, huwa naomba orodha ya watumiaji wa mfumo wa uhasibu: nani anaandaa hati ya malipo, nani anaidhinisha, nani anaweza kumsajili mgavi mpya. Vijana wa TEHAMA hunitazama kama mtu aliyeingilia shughuli zao. Kumbe wao ndio waliochukua za kwetu, tena wamechelewa. Keshia kutoshika leja, na kasha la fedha kufunguliwa kwa funguo mbili za watu wawili, ni mambo yaliyokuwepo kabla ya kompyuta.

Mashine za mwanzo zilizotumiwa na watu wengi hazikujali nani anafanya kazi gani. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mtu alipewa nywila ili faili zake zisiguswe na wengine. Swali lilikuwa moja tu: wewe ni nani? Mwaka uliofuata Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari aliyegawiwa saa 4 kwa wiki, aliona hazimtoshi. Akaiagiza mashine kwa kadi ya matundu imchapishie faili la nywila za wote, nayo ikachapisha bila ubishi. Ilipita takriban robo karne kabla hajasema. Na mwaka 1966 mafaili mawili yalibadilishana nafasi, ikawa kila anayeingia kwenye mfumo anapokewa na nywila za watu wote mahali pa tangazo la siku. Mkaguzi gani asingetamani kuwepo siku hiyo!

Multics, mfumo mwingine uliobuniwa kuanzia 1965, uliliwekea kila faili orodha ya majina na kile ambacho kila jina linaruhusiwa kufanya. Mfumo wa Unix ukafupisha: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Mifumo yote miwili bado ilihesabu watu na mafaili, si kazi. Jeshi nalo lilikuwa na lake. Mwongozo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa 1983, uliojulikana kwa jalada lake la rangi ya chungwa, ulihofia zaidi siri kuvuja. Sisi wa biashara hatulii kwa sababu mtu ameona bei ya saruji. Tunalia aliyeagiza saruji anapokuwa ndiye aliyeipokea na ndiye aliyeilipia.

Hoja hiyo ilifika kwa wataalamu wa kompyuta mwaka 1987, katika makala ya David Clark wa MIT na David Wilson. Huyu wa pili alitoka Ernst & Whinney, kampuni ya ukaguzi, jambo ambalo huwa nawakumbusha wale vijana. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, wakaipa muundo: ruhusa ipewe wadhifa, na mtu apewe wadhifa. Mtunza ghala akihamishiwa manunuzi, anavuliwa wadhifa mmoja na kuvishwa mwingine. Kwenye orodha zangu mara nyingi huvishwa tu, na baada ya miaka mitano mtu mmoja ni idara nzima.

Hilo laweza kuangusha benki. Mwaka 1995 Barings ya London, iliyoanzishwa 1762, ilizama kwa hasara ya pauni milioni 827. Nick Leeson, mwajiriwa wake kule Singapore, alikuwa akifanya biashara ya mikataba ya bei za baadaye na papo hapo akisimamia ofisi ya kuhakiki biashara hiyohiyo. Hasara alizificha kwenye akaunti namba 88888. ING iliinunua benki hiyo kwa pauni 1.

Kisa hicho nilimsimulia mkurugenzi mmoja ambaye jina lake lilikuwa na ruhusa zote, za kuandaa na za kuidhinisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. “Bwana mkaguzi, huyo alikuwa mwajiriwa. Mimi kampuni ni yangu.” Niliandika kwenye ripoti, akasaini kwamba ameisoma, na ruhusa zake zikabaki palepale.