Bogart alipita ku mto Ruiki: nani anakumbuka?

Ndugu na dada, leo naacha mihogo na mbolea kando kidogo. Nataka tuongee historia, tena historia ya sinema. Msicheke. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kama ni mambo inatugusa sisi wenyewe.

Wakati nilikuwa naandika memwari yangu ya licence, kila jioni nilienda kwa baba mkubwa, juu kwake kulikuwa umeme wa jua. Jioni moja nikamkuta anatazama filamu ya zamani. Mzungu mmoja mwenye ndevu na kofia iliyochakaa alikuwa anapiga mashini ya mashua teke ili iendelee kutembea. Baba mkubwa akaniambia: "Angalia muzuri. Ile mto ni ya kwetu." Nikazani anatania. Kesho yake nikatafuta, na kumbe mzee alisema kweli.

Filamu ile inaitwa The African Queen. Ilipigwa mwaka 1951, chini ya uongozi wa John Huston. Sehemu ya picha zake zilichukuliwa hapa Congo, wakati wa Wabeleji, pale Biondo, ku mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Sehemu ingine ilichukuliwa Uganda, na ingine ndani ya studio kule London. Yule mwenye kofia ni Humphrey Bogart. Mwanamke aliye pamoja naye ndani ya mashua ni Katharine Hepburn.

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899. Kwa miaka mingi walimpa kazi ya kucheza jambazi anayekufa mbele ya filamu kwisha. Jina lake lilipanda kabisa mwaka 1941 na The Maltese Falcon, kisha mwaka 1942 na Casablanca. Alipofika kwetu hakuwa kijana tena: alikuwa na miaka 51, mzee wa kazi. Na ni ile kazi ya Ruiki na Uganda iliyomletea Oscar yake ya muigizaji bora, mwaka 1952. Alipata moja tu katika maisha yake yote. Tushike hilo: zawadi moja ya mtu ambaye, mwaka 1999, American Film Institute ilimweka wa kwanza kati ya waigizaji wanaume wote wa sinema ya zamani ya Marekani, ina matope ya Congo ndani yake.

Maisha ya kambi haikuwa rahisi. Siafu walivamia kambi. Mashua yenyewe ilizama, ikabidi kuivuta juu. Watu wengi wa kikundi waliugua tumbo, na Hepburn aliugua vibaya sana, yeye aliyekuwa anakunywa maji tu na kuwasema wengine juu ya pombe. Bogart na Huston walishikilia wiski, na Bogart alipenda kusimulia kama nzi aliyemuuma alikufa palepale. Sisi watu wa kilimo tunaweza kucheka, lakini tunajua maana yake: maji yasiyochemshwa haiulizi kama wewe ni nyota ao mkulima. Na pale filamu inaonyesha Bogart akiingia ndani ya maji, walipiga ile picha London, ndani ya tangi, kwa kuogopa magonjwa ya mto.

Hepburn hakusahau. Mwaka 1987 alitoa kitabu kizima juu ya ile safari, miaka 36 kisha kupita.

Sasa tuje kwa wapenzi wa Bogart, maana ukumbusho wao ni historia pia. Alikufa tarehe 14 Januari 1957, kwa kansa ya umio. Mwaka uleule, sinema moja ndogo inayoitwa Brattle, kule Cambridge, Massachusetts, karibu na chuo kikuu cha Harvard, ikaanza kuonyesha Casablanca. Wanafunzi wakajaa. Ikawa desturi: wakati wa mitihani, wanaacha vitabu na kwenda kumwangalia Bogart. Walijua maneno yake kwa moyo, wakawa wanayasema kwa sauti pamoja naye. Vijana wa miaka 20 ndio waliofanya mzee aliyekufa aishi tena. Ufaransa, mwaka 1960, Jean-Luc Godard alitoa À bout de souffle, na mule Belmondo anasimama mbele ya picha ya Bogart na kupitisha kidole ku midomo sawa yeye. Na mashua? Iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1912, iko leo Key Largo, Florida. Watu wanalipa ili wapande juu yake na wakumbuke.

Kila kitu kimekumbukwa basi: kofia, wiski, mashua, hata siafu. Hapa njo roho inaniuma. Nani alifyeka pori la Biondo? Nani alijenga zile nyumba za miti na majani, nani alibeba kamera zile nzito za rangi, nani alipika, nani alivuta kamba siku mashua ilizama? Nyota hawakufanya ile kazi kwa mikono yao. Walikuwa watu wa kwetu, na ndani ya hadithi zinazorudiliwa hawana jina. Katika filamu yenyewe ni vilevile: Waafrika wanaonekana mwanzoni, kanisani, wanaimba, kijiji chao kinachomwa, kisha hadithi inabaki ya wazungu wawili na mto.

Na hadithi ile ina mzizi kwetu pia. C. S. Forester alitoa riwaya yake mwaka 1935, na nyuma yake kuna vita ya kweli ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1915, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Treni ilizifikisha Fungurume, Katanga. Kutoka pale zikavutwa juu ya milima ya Mitumba, kisha mto na reli, mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zikakamata meli ya Wadachi, Kingani. Februari 1916 zikazamisha ingine, Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Götzen, haikulipuliwa na mashua ndogo sawa vile filamu inapenda: Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, mwaka 1916. Kisha ikatolewa ndani ya maji, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Na ile barabara ya Mitumba, ni mikono ya nani ilichimba? Jibu ni lile lile la Biondo.

Sisemi tumchukie Bogart. Mimi mwenyewe nimeirudilia filamu ile mara nne, na kila mara ananifurahisha, yule mlevi muoga anayekuwa mtu wa maana juu mwanamke mmoja alimwamini. Nasema tu kama wanafunzi wa Brattle walitufundisha kitu: mtu anaishi tena wakati vijana wanaamua kumkumbuka. Hawakungoja serikali wala pesa. Waliketi, wakasikiliza.

Tuhesabu basi. Aliyekuwa na miaka 12 pale Biondo mwaka 1951 alizaliwa 1939. Leo amepita miaka 80. Wale waliokuwa watu wazima, karibu wote wamekwenda. Kati yetu kuna wenye asili ya Ubundu, wa njia ya reli ya Kisangani, wa Kalemie, wa Fungurume. Kila mmoja ana simu inayoweza kushika sauti. Ukienda likizo, mkae mzee karibu, muulize: wakati wa Wabeleji, wazungu wa sinema walipokuja, ulikuwa wapi? Baba yako alibeba nini? Walimlipa ngapi? Aliitwa nani?

Mimi nilimuuliza baba mkubwa alijuaje kama ule mto ni wa kwetu. Akanyamaza kidogo, akasema: "Baba yangu alikata miti pale." Nikamuuliza kama yule babu alipata kuiona filamu. "Hapana," akajibu, "alikufa bila kuiona." Nikaandika jina la babu ku ukurasa wa mwisho wa daftari yangu ya memwari. Ni jina moja tu. Nangoja na yenu.