Abdullah Quilliam: Wakili wa Liverpool Aliyefanywa Shekhe na Khalifa

Abdullah Quilliam (10 Aprili 1856 – 23 Aprili 1932) alikuwa wakili, mhariri na mhubiri Mwingereza aliyesilimu mwaka 1887 na kuanzisha mjini Liverpool jumuiya ya Waislamu ambayo wengi wao walikuwa wenyeji wa nchi hiyo, watoto wa makanisa na mitaa yake. Kabla ya kusilimu aliitwa William Henry. Wako Waingereza waliomtangulia katika Uislamu, akiwemo Lord Stanley wa Alderley, lakini hao walibaki mmoja mmoja, kila mtu na dini yake nyumbani kwake. Quilliam alijenga jamaa: msikiti, shule, gazeti na nyumba ya kulelea watoto.

Ukoo wake ulitoka Kisiwa cha Man, na baba yake alikuwa mtengeneza saa. Alilelewa katika Umethodisti, madhehebu yaliyoipiga vita pombe kuliko mengi mengine. Liverpool ya wakati ule ilikuwa bandari tajiri yenye vilabu vya pombe kila kona, na kijana huyu alijiunga mapema na vyama vya kuwatoa watu kwenye ulevi. Mwaka 1878 alipata uwakili, mwaka uliofuata akamwoa Hannah Johnstone, na haikuchukua muda akawa na jina mahakamani, hasa katika kesi za jinai. Alijua kusema, alijua kuandika, na alipenda kuonekana. Sifa hizi tatu zilimbeba maisha yake yote, na mwisho zikamponza.

Katika miaka ya 1880 kazi ilimchosha hadi akashauriwa kwenda kupumzika nchi za joto, akaelekea Moroko. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akiwa safarini baharini aliwaona mahujaji wa Kimaghribi wakisimama kuswali sitahani. Upepo ulikuwa mkali na chombo kikiyumba, lakini wao hawakubabaika. Alirudi kwao na mengi ya kufikiri, akasoma, kisha akatamka shahada akiwa na umri wa miaka 31.

Namna alivyoanza kuhubiri inaonyesha werevu wake. Hakupanda jukwaani kuushambulia Ukristo. Alikwenda kwa wenzake wa vyama vya kupinga pombe na kutoa hotuba juu ya watu waliotukanwa na zama zao kuwa ni washupavu wa itikadi, na katikati ya majina hayo akamtaja Mtume Muhammad kama kiongozi aliyeiondoa pombe katika taifa zima. Kwa wasikilizaji wale, hiyo ilikuwa hoja isiyo na jibu rahisi. Miongoni mwao alikuwemo msichana wa Birkenhead, Frances Elizabeth Murray, ambaye baada ya ndoa aliitwa Cates. Aliuliza maswali, akapewa tafsiri ya Qur'ani akasome, na mama yake alipoiona akataka kuitia moto. Binti aliisoma chumbani kwake mpaka akasilimu na kuitwa Fatima. Ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kwanza wa jumuiya, na bila yeye hadithi ya Liverpool ingekuwa ya mwanamume mmoja na hotuba zake. Alilipa gharama pia: wahuni waliwahi kumpaka usoni mavi ya farasi alipokuwa akienda kwenye mikutano.

Kikundi hicho kilikutana kwanza katika ukumbi wa kupanga mtaa wa Mount Vernon, hadi mwenye nyumba alipotambua wanaamini nini akawafukuza. Wakahamia nyumba namba 8 Brougham Terrace, wakaifungua rasmi siku ya Krismasi ya mwaka 1889. Tarehe haikuwa ya bahati nasibu. Mwaka baada ya mwaka, siku ambayo maskini wa Liverpool walijiona wamesahauliwa zaidi, Waislamu hawa waliwapikia mamia kwa mamia.

Taasisi ilipanuka hadi nyumba za jirani, ikawa na msikiti, maktaba, jumba dogo la makumbusho, shule za wavulana na wasichana, na kiwanda cha chapa. Jumapili kulikuwa na ibada ya wazi asubuhi na jioni, watu wakiimba tenzi za Kiingereza zilizoondolewa kila neno la Utatu, na Ijumaa ilibaki kuwa Ijumaa. Wapo waliolaumu mtindo huo, na Mwislamu aliyezoea misikiti ya Lamu au Unguja angeshangaa kukuta kinanda kikipigwa. Lakini Quilliam aliwajua watu wake. Mfanyakazi wa Liverpool aliyezoea kanisa la Kimethodisti alihitaji mlango anaoufahamu ili aingie, na sala ya jamaa aliikuta ndani. Taasisi pia ilifungua kituo cha Medina Home kwa ajili ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambao jamii ya zama za Malkia Victoria iliwakwepa. Mabaharia wa Kihindi waliofia bandarini walizikwa kwa janaza ya Kiislamu, shekhe mwenyewe akiongoza sala.

Si majirani wote waliofurahishwa. Mwadhini alipoadhini dirishani alirushiwa mawe na matope.

Hata hivyo watu waliendelea kuingia, na hesabu inayotajwa kwa kawaida ni kama 600 katika miaka ishirini. Mmoja wao, Robert Reschid Stanley, alikuwa meya wa zamani wa Stalybridge. Kitabu cha Quilliam juu ya imani ya Uislamu kilichotoka mwaka 1889 kilichapwa tena na tena na kutafsiriwa kwa lugha nyingi, na inasimuliwa kwamba Malkia Victoria naye aliagiza nakala. Tangu 1893 gazeti lake la kila wiki, The Crescent, lilifika hadi Afrika Magharibi na India, likiwaonyesha Waislamu waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza jambo ambalo hawakulitarajia: Mwingereza wa kofia ya tarbushi akiitetea dini yao katika mji uliotajirika kwa biashara ya himaya hiyo.

Heshima zikafuata. Mwaka 1894 Sultani Abdul Hamid II, Khalifa wa Dola ya Uthmania, alimpa cheo cha Shekhe wa Uislamu wa Visiwa vya Uingereza. Mwaka huohuo alimtuma Lagos kumwakilisha katika ufunguzi wa msikiti uliojengwa na mfanyabiashara Mohammed Shitta, ambaye Sultani alimtunuku cheo cha Bey. Mwaka 1895 mwana wa mfalme wa Afghanistan, Nasrullah Khan, aliitembelea Liverpool na kutoa pauni 2,500 kwa taasisi.

Kwa kuwa raia wa Malkia na mtiifu kwa Khalifa kwa wakati mmoja, Quilliam alilazimika kuchagua. Mwaka 1896, majeshi yalipoandaliwa kwenda Sudan, alitoa fatwa ya kuwakataza Waislamu kuwasaidia Waingereza kupigana na Waislamu wenzao. Magazeti yalimwita msaliti. Yeye hakuifuta, na katika safu za The Crescent aliendelea kumtetea Sultani hata pale ambapo kumtetea kulikuwa kugumu, kama wakati wa mauaji ya Waarmenia katika dola yake. Upande huu wa siasa zake haupendezi kuusoma leo.

Anguko halikutoka kwa maadui zake. Akiwa wakili katika kesi ya talaka, alihusishwa na ushahidi wa kupangwa wa kumnasa mume wa mteja wake katika uzinzi. Mwaka 1908, kabla mambo hayajamfika shingoni, aliondoka kwenda Istanbul, na mwaka 1909 jina lake likafutwa katika orodha ya mawakili. Mwaka huohuo Abdul Hamid alipinduliwa. Taasisi, iliyokuwa imejengwa juu ya mtu mmoja, haikumudu kusimama bila yeye. Majengo yaliuzwa na jumuiya ikatawanyika.

Aliporudi Uingereza alitumia jina jingine, Haroun Mustapha Leon, akajitambulisha kuwa mwanazuoni wa lugha na kuhariri jarida la elimu. Wengi waliokuwa wakikutana naye katika msikiti wa Woking walijua yeye ni nani, lakini jina la zamani halikutajwa hadharani. Alifariki London na kuzikwa makaburi ya Brookwood, ambako baadaye walizikwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wawili wa Qur'ani kwa Kiingereza.

Nyumba za Brougham Terrace zilitumiwa kwa miaka mingi kama ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, kisha zikaachwa kuoza. Jumuiya iliyojipa jina la Quilliam ilianza kuzikarabati, na katika miaka ya 2010 sala zilirejea katika msikiti wake. Kaburi la Fatima Cates, aliyekufa mwaka 1900 na kuzikwa makaburi ya Anfield, nalo limewekewa jiwe lenye jina lake baada ya kukaa zaidi ya karne moja bila alama.