Gharama ya Kuvuka: Wazazi wa Watoto Viziwi katika Bara la Mombasa

Historia ya misaada kwa wazazi wa watoto viziwi katika bara la Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, haitenganiki na maji yanayokizunguka kisiwa. Shule ya watu wasioona ilijengwa Likoni, na ya watoto wenye ulemavu wa viungo ikajengwa Port Reitz, karibu na Changamwe, lakini Shule ya Viziwi ya Ziwani ilikuwa kisiwani, ziliko pia hospitali kuu na ofisi nyingi za serikali. Kwa hiyo msaada, uwe wa sadaka, wa kanisa au wa sheria, kwa kawaida ulimngojea mtoto upande wa pili wa maji, na kazi ya kumfikisha huko ikabaki mikononi mwa mzazi bila kuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Kabla ya kuwapo shule za aina hiyo, mtoto asiyesikia, ambaye lugha ya kila siku ilimwita bubu hata kama sauti anayo, alilelewa ndani ya ukoo. Matunzo yake yaligawanywa baina ya mama, bibi, shangazi na majirani, na elimu yake ikawa ile inayopokewa kwa macho na mikono, kama vile kutengeneza nyavu, kushona kofia, kuchonga mbao au kulima. Fikihi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ilikwisha kumpa nafasi katika sheria, kwa kuwa ishara ya bubu inayoeleweka huhesabiwa kuwa sawa na tamko lake katika nikaha na mauziano. Hata hivyo chuo, yaani darasa la Kurani, kilisomeshwa kwa sauti na kwa kuitikia, hivyo mtoto aliyekuwa na haki mbele ya kadhi angeweza kukaa miaka mingi barazani pa mwalimu bila kupata herufi moja.

Mfumo huo wa ukoo ulitikiswa na kazi za bandari na reli. Tangu ujenzi wa reli uanze mwaka 1896, na zaidi baada ya gati za Kilindini kupanuliwa, Changamwe na vitongoji vyake vilijaa vibarua waliotoka mbali na jamaa zao, wakalipwa mshahara uliokadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na familia. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulitokana kwa sehemu kubwa na ufinyu wa mishahara hiyo, na mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba hesabu ya mshahara haikumfikiria mke wala watoto. Familia yenye mtoto kiziwi iliathirika mara mbili, kwa sababu fedha za kumhudumia hazikuwamo katika mshahara, na bibi au shangazi ambaye angemtunza bila malipo alikuwa amebaki kijijini.

Msaada wa kitaasisi ulianza kitaifa mwaka 1958, ilipoundwa Jumuiya ya Watoto Viziwi ya Kenya, na darasa la kwanza likafunguliwa Nairobi chini ya taasisi za Aga Khan. Mwaka 1961 zilifuata shule za Nyangoma na Mumias, magharibi mwa nchi, zilizoendeshwa na Kanisa Katoliki. Shule hizo zilifuata mbinu ya matamshi, iliyotawala dunia tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, ambayo ilimtaka mtoto asome midomo na kutumia masalia ya usikivu wake, huku ishara za mikono zikikatazwa au kupuuzwa. Mbinu hiyo iliambatana na gharama ya kifaa cha kusikia, ambacho mitaani huitwa mashine ya masikio. Kifaa chenyewe huweza kutolewa na mfadhili mara moja, lakini betri huisha, na kiziba chake, kinachofinyangwa kufuata umbo la tundu la sikio, hulegea kadiri mtoto anavyokua, kikaanza kupiga mluzi na kuhitaji kufinyangwa upya. Mfadhili angepigwa picha siku ya kukabidhi mashine, naye mzazi angeendelea kununua betri baada ya picha hiyo kusahaulika.

Kwa wakazi wa bara, juu ya gharama hizo palikuwa na ile ya kuvuka. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931 na daraja la sasa likachukua nafasi yake mwaka 1980, Changamwe iliunganishwa na kisiwa kupitia Makupa, ilhali Likoni kwa miaka mingi ilitegemea feri, iliyoanza mwaka 1937. Mtoto mdogo asiyesikia honi za magari yanayoshuka kwenye feri hawezi kuachwa avuke peke yake, na mzazi anayempeleka shule asubuhi na kumfuata jioni huvuka mara nne kwa siku, mara mbili kati ya hizo akiwa peke yake. Abiria wa miguu huvuka feri bila malipo, lakini nauli ya matatu kutoka kwenye kivuko haifutwi, na mama anayeuza mahamri na mbaazi hupoteza saa za alfajiri ambazo ndizo saa za biashara yake. Njia nyingine ilikuwa shule ya bweni, kama ile ya viziwi ya Kwale, inayofikika kutoka Likoni kwa barabara bila kupanda feri, au ile ya Kibarani huko Kilifi kwa watu wa Kisauni. Bweni lilipunguza safari, lakini lilileta karo, godoro, sanduku na miezi mitatu ya kutoonana.

Baada ya uhuru serikali iliunda mwaka 1964 kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa kuchunguza matunzo ya walemavu, na ripoti yake ikazaa sera ya mwaka 1968. Mwaka 1980 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kitaifa wa Walemavu, ukaanzishwa Mfuko wa Kitaifa wa Walemavu uliochangishwa kwa harambee, yaani utaratibu wa wananchi kutoa kila mmoja alichojaliwa kwa shughuli ya pamoja. Tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kutathmini watoto na kuwashauri wazazi, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ili kufundisha walimu. Kwa mzazi, tathmini ilikuwa msaada usio wa fedha lakini wenye thamani, kwa kuwa ilimwambia kiasi cha usikivu kilichobaki na shule inayofaa, badala ya kumwacha azunguke kwa waganga.

Mwaka 2003 ulileta mambo matatu kwa pamoja. Elimu ya msingi ilifanywa bila malipo, serikali ikitoa shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilianzishwa, ikawa chanzo cha basari, yaani ruzuku ya karo, katika Likoni, Kisauni na Changamwe, ambayo yalikuwa maeneo bunge matatu kati ya manne ya Mombasa wakati huo. Ikapitishwa pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyounda baraza la kitaifa la kuwasajili, na ambayo sheria mpya ilichukua nafasi yake mwaka 2025.

Misaada iliyofuata ilikuwa na pengo katika masharti yake. Agizo la mwaka 2010 lilimwondolea mlemavu aliyesajiliwa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za mwanzo kila mwezi, lakini mtoto hana mshahara. Ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi, iliyoanza mwaka 2011, ililengwa kwa kaya maskini zenye mlemavu anayehitaji kuhudumiwa wakati wote, na mtoto kiziwi, ambaye hutembea, hula na huvaa mwenyewe, hakuingia kwa urahisi katika kipimo hicho.

Wakati huohuo mbinu ya matamshi ilikuwa ikilegea. Kuanzia miaka ya 1980 shule zilianza kuruhusu ishara, na Katiba ya mwaka 2010 ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Badiliko hilo liliipunguzia mashine ya masikio uzito wake, likaleta deni jingine, kwa sababu mtoto aliyejifunza lugha hiyo Ziwani, Kwale au Kibarani alirudi nyumbani na maneno ambayo mama yake hakuyajua. Katika misaada iliyotajwa hapa, kuanzia harambee ya mwaka 1980 hadi ruzuku ya mwaka 2011, hakuna uliobuniwa kumlipa mzazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe kwa saa ambazo angeacha kibarua chake ili akae darasani ajifunze kuzungumza na mwanawe.