Kifafa cha Mimba: Historia ya Istilahi Moja na Upungufu Wake

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya istilahi moja ya uuguzi, kifafa cha mimba, ambayo imo katika vitabu vya wakunga na katika mabango ya zahanati zetu. Sababu ya kuichagua ni kosa letu wenyewe. Tulipoletewa kijitabu cha afya ya mama tukithibitishe lugha yake, tulipitisha sentensi isemayo kwamba ugonjwa huo huisha mama ajifunguapo. Sarufi yake ilikuwa safi. Muuguzi mmoja alikirudisha kijitabu akiwa ameipigia mstari sentensi hiyo, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: Huisha nini?

Neno eklampsia limetokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni mng'ao wa ghafla. Mwaka 1739 tabibu Mfaransa, François Boissier de Sauvages, alilitumia kutenga mishtuko ya ghafla na kifafa, ambacho ni maradhi ya kudumu yenye kurudi mara kwa mara. Kiswahili kilikwenda njia nyingine. Aliyemwona mjamzito akikakamaa viungo na kutokwa na povu hakuwa na neno la karibu zaidi ya kifafa, kwani degedege limekwisha kuwa la watoto. Hatuwalaumu waliolichagua. Lakini yale yaliyotengwa na matabibu, istilahi yetu imeyaunganisha tena, na wako jamaa ambao wakisikia kifafa hufikiri habari za ukoo au za pepo, wakamtafuta mganga kabla ya kumtafuta dereva wa kwenda hospitali.

Mwaka 1843 John Charles Lever, katika Guy's Hospital ya London, aliona kwamba wanawake wenye mishtuko hiyo walikuwa na protini katika mkojo. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alieleza kipimo chake cha shinikizo la damu kwa kufunga mpira mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya mpira huo. Tangu hapo ilidhihirika kuwa mishtuko ni mwisho wa safari, na kwamba shinikizo hupanda kabla yake. Hali hiyo ya kabla ikaitwa preeklampsia. Kwa miaka mingi iliitwa pia toksemia, yaani sumu katika damu, ingawa sumu iliyodhaniwa haikupatikana. Neno hilo limeachwa.

Leo shinikizo la 140 juu ya 90 au zaidi, likianza baada ya wiki 20 za mimba, huhesabiwa kuwa ni hatari. Dawa ya kuzuia mishtuko, salfeti ya magnesi, ilithibitishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliohusu wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33: ilipunguza mishtuko kwa zaidi ya nusu.

Swali la muuguzi wetu lilikwisha kuulizwa zamani huko Marekani. Leon Chesley aliwafuatilia wanawake 270 walionusurika na eklampsia katika hospitali ya uzazi ya Margaret Hague, mjini Jersey City, kati ya mwaka 1931 na 1951. Aliwafuata hadi mwaka 1974, kazi ya subira isiyo na mfano. Aliona kwamba walioipata katika mimba ya kwanza hawakufa kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa kwa wanawake wa kawaida, bali walioipata katika mimba za baadaye walikufa zaidi, hasa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo iliwatuliza wengi. Lakini Chesley aliwalinganisha na wanawake wote kwa jumla. Watafiti waliofuata waliwalinganisha na wale ambao mimba zao zilikwisha salama. Mwaka 2007 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapa muhtasari wa tafiti zilizohusu wanawake zaidi ya milioni 3. Waliopata preeklampsia walikuwa na hatari ya shinikizo la damu la baadaye karibu mara nne, ya maradhi ya mishipa ya moyo mara mbili, na ya kiharusi karibu mara mbili. Mwaka 2011 Chama cha Moyo cha Marekani kiliiingiza historia hiyo ya uzazi katika mambo ya kumuuliza kila mwanamke.

Basi sentensi tuliyoipitisha ilikuwa na makosa mawili. Mishtuko yenyewe yaweza kuja baada ya kujifungua. Na ikiisha, mishipa ya damu bado ina habari zake.

Hapa ndipo -a unganifu inapotudanganya. Maji ya mvua ni maji yaliyotokana na mvua. Kazi ya masika ni kazi ya wakati wa masika. Cha mimba husikika kwa namna ya pili: mimba ikitoka, na kifafa kimetoka. Kibaya zaidi, aliyepandwa na shinikizo bila mishtuko huambiwa ana dalili za kifafa cha mimba. Miaka 20 baadaye daktari akimuuliza kama aliwahi kupata kifafa cha mimba, atajibu hapana. Naye atakuwa amesema kweli.

Tulipendekeza kwamba kifafa cha mimba libaki kwa mishtuko peke yake. Hali ya kabla iitwe preeklampsia. Na kupanda kwa shinikizo kusiko na dalili nyingine kuitwe shinikizo la damu la ujauzito. Pia tuliomba kwamba kadi ya mama iandike aliwahi kupata, wala si alipona. Mkunga aliyekuwamo katika kikao alikubali yote ila preeklampsia, ambayo alisema haitamkiki wodini saa nane za usiku. Yeye husema presha ya mimba, na wagonjwa humwelewa. Baadhi yetu tuliona presha ni neno la mitaani; wengine tulikumbuka kwamba mitaani ndiko waliko akina mama. Orodha imeachwa na maneno yote mawili bega kwa bega, na wasomaji wenye neno bora zaidi tunawaomba watuletee kabla ya kikao kijacho cha usanifishaji.