Kongamano la Ugiriki na Roma ya kale: linavyoandaliwa, na linavyoihusu Chebunyo

KONGAMANO la kimataifa kuhusu Ugiriki na Roma ya kale ni mkutano wa wataalamu wa lugha, historia, falsafa, sheria na mabaki ya kale ya mataifa yaliyoizunguka Bahari ya Kati, takriban tangu karne ya 8 kabla ya Kristo hadi karne ya 6 baada yake. Huko ndiko hoja mpya hupimwa mbele ya mahasimu wake kabla hazijaingia vitabuni.

Mkutano mmoja mkubwa katika taaluma hii huitishwa na shirikisho la kimataifa lijulikanalo kwa kifupisho chake cha Kifaransa, FIEC, lililoundwa mwaka 1948. Kikao cha kwanza kilifanyika Paris mwaka 1950. Tangu hapo wajumbe wamekutana, miongoni mwa kwingineko, Copenhagen (1954), Philadelphia (1964), Budapest (1979), Dublin (1984), Quebec (1994), Ouro Preto nchini Brazil (2004), Berlin (2009), London (2019) na Wroclaw nchini Poland (2025).

Katika orodha nzima, hadi mwaka huo wa 2025, hamna mji hata mmoja wa Afrika. Hilo si jambo dogo, kwani anayeandaa kikao ndiye huchagua mada, na achaguaye mada huamua ni historia ya nani itakayozungumzwa.

Afrika ndani ya ulimwengu wa kale

Ulimwengu huo haukuwa wa Wazungu pekee. Maktaba mashuhuri kuliko zote za Wagiriki ilikuwa Alexandria, nchini Misri. Septimius Severus, aliyetawala Roma tangu mwaka 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ambayo leo ni Libya. Huko Meroe, Sudan, wachimbuzi walikuta mwaka 1910 kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto kikiwa kimefukiwa chini ya kizingiti, ili kila apitaye akikanyage.

Pwani yetu nayo imo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Anaitaja bandari ya Rhapta, soko la mwisho katika nchi aliyoiita Azania, ambako pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa yalibadilishwa kwa vyombo vya chuma na vioo. Mahali penyewe bado panabishaniwa. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akiitafuta bandari hiyo katika eneo la mto Rufiji.

Misri ya wazee

Chebunyo ni wadi ya eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, ukishuka kutoka nyanda za majani ya chai kuelekea kwenye tambarare zenye joto zaidi, ambako watu hufuga ng'ombe wa maziwa na kulima mahindi. Kwa mtazamo wa haraka, hapana kinachouhusisha mji huo na Roma.

Hata hivyo, wazee wa Kipsigis, kama Wakalenjin wenzao, husimulia kwamba asili yao ni Misri. Msomi Kipkoeech araap Sambu aliuchukua usimulizi huo kwa uzito, akachapisha mwaka 2007 kitabu kinachouliza iwapo Asiis, Mungu anayehusishwa na jua katika imani ya jadi ya Wakalenjin, ndiye Isis wa Wamisri. Isis huyo aliabudiwa hata Italia. Hekalu lake lingali linaonekana Pompeii.

Wanaisimu wengi hawakubaliani naye. Wao huiweka lugha ya Kipsigis katika tawi la kusini la lugha za Kiniloti, na hukitafuta chimbuko la wasemaji wake upande wa mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia. Mfanano wa majina mawili, wasema, hautoshi kuthibitisha undugu. Huu ndio mjadala unaostahili jukwaa: kuna dai, kuna ushahidi, kuna pingamizi, na kuna jamii yenye haki ya kusikia pande zote badala ya kukejeliwa au kurairaiwa.

Hatua za maandalizi

Kwa kawaida kazi huanza miaka miwili au mitatu kabla. Mwenyeji huunda kamati ya kitaaluma, hutangaza mada na kuwaalika watafiti walete ikisiri. Ikisiri hizo husomwa na wataalamu, aghalabu bila kujua mwandishi ni nani. Kila atakayekubaliwa hupewa takriban dakika 20 za kuwasilisha, kisha maswali. Baadaye makala bora huhaririwa na kuchapishwa kitabuni.

Yapo pia mambo ya jikoni: ada, malazi, usafiri, wakalimani na mtandao wa kutegemewa. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza, na wageni wengi huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao. Kwa ukanda huu, Chuo Kikuu cha Kabianga kilichoko Kericho, na chuo kikuu kilichoko mjini Bomet, ndivyo vyenye kumbi na wasomi wa kushika usukani. Chebunyo inaweza kuwa kituo cha siku ya ziara, wageni wakae na wazee na wasikilize.

Mifano ipo. Januari 1947 Louis Leakey aliitisha jijini Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu nyakati za kabla ya historia iliyoandikwa. Mikutano iliyotokana nalo ingali inaendelea, na mwaka 2022 ilifika Zanzibar. Oktoba 2018 Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kiliandaa kongamano kuhusu taaluma ya Wagiriki na Warumi na nafasi ya Afrika ndani yake.

Mwenyeji azingatie nini

Kongamano likiisha bila kuacha kitu, limekuwa karamu ya wageni. Mwenyeji makini huweka masharti mapema: nafasi za bure kwa wanafunzi na walimu wa shule za karibu, kikao kimoja kwa Kiswahili, rekodi za simulizi zikabidhiwe maktaba ya kaunti, na wazee watambuliwe kwa majina katika maandishi yatakayochapishwa, iwapo wameridhia. Hapo ndipo mtoto wa Chebunyo aliyeambiwa na nyanyake kwamba walitoka Misri atakapopata pa kuliuliza swali lake, na mtu wa kumjibu.