Kura Moja ya Millicent

Kila uchaguzi unapokaribia, mabango hubandikwa kwenye kuta za shule na ofisi yakitukumbusha kwamba kura yako moja ina uzito. Mwaka uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alisimama darasani akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyeamini mabango, iwapo kuna mahali popote ulimwenguni ambapo kura moja, moja tu, iliwahi kumpata mshindi. Nilimjibu kwamba kuna, nikamtajia Millicent. Darasa lilifurahi na kengele ikalia. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitambua kwamba nilikuwa nimewasimulia nusu ya kisa, tena ile nusu iliyo nyepesi. Makala hii ni deni la nusu ya pili.

Millicent ni mji mdogo wa kusini-mashariki mwa jimbo la Australia Kusini, mwendo wa takribani kilomita 400 kutoka Adelaide, makao makuu ya jimbo hilo. Zamani ardhi yake ilikuwa vinamasi. Katika karne ya 19 ilichimbwa mifereji ya kuondoa maji, wakulima na wafugaji wakaingia, na baadaye misonobari ikapandwa kwa wingi. Misonobari ilileta viwanda vya mbao na karatasi, na viwanda vikaleta vibarua. Kwa hiyo, ingawa ni mashambani, kulikuwa na kura za wafanyakazi kando ya kura za wenye kondoo na ng'ombe, na ushindani wa vyama ukawa mkali kuliko ilivyozoeleka vijijini.

Kabla hatujaendelea, neno moja la lugha. Australia ni shirikisho la majimbo sita, na kila jimbo lina Bunge lake na Waziri Mkuu wake. Kiswahili nacho hulitumia neno lilo hilo, jimbo, kwa sehemu inayomchagua mbunge mmoja. Ili tusivurugane, nitafuata desturi ya Wakenya na kuiita sehemu hiyo eneo bunge.

Eneo bunge la Millicent lilianza katika uchaguzi wa mwaka 1956. Mbunge wake wa kwanza alikuwa Jim Corcoran wa chama cha Labor, chama cha wafanyakazi. Mwaka 1962 alipokezwa kijiti mwanawe, Des Corcoran, mzaliwa wa Millicent aliyekuwa askari na kupigana katika vita vya Korea. Des akawa waziri serikali ya Labor ilipoingia madarakani mwaka 1965. Tarehe 2 Machi 1968 alirudi kwa wapiga kura wake kutetea kiti, akikabiliana na Martin Cameron wa Liberal and Country League, chama nitakachokiita Liberal kwa ufupi. Kura zilihesabiwa, zikahesabiwa tena. Mwishowe Corcoran alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura moja.

Fikiria jioni ya namna hiyo katika mji ambao watu hujuana kwa majina. Kila aliyempigia Corcoran angeweza kusema kwamba yeye ndiye aliyempeleka bungeni. Na kila mfuasi wa Cameron aliyeharibu karatasi yake kwa kutojali alikuwa na jambo la kujutia maisha yake yote.

Upande wa Liberal ulikwenda mahakamani. Australia Kusini ina mahakama maalumu ya kusikiliza mashauri ya uchaguzi, nayo iliyatengua matokeo. Kwa tofauti kubwa, dosari ndogo za kituoni humezwa na wingi wa kura. Kwa tofauti ya kura moja, dosari yoyote inayogusa karatasi moja inatosha kutia shaka yote. Tarehe 22 Juni 1968 wananchi wa Millicent walirudi vituoni katika uchaguzi mdogo. Corcoran alishinda tena, safari hii kwa tofauti iliyo wazi. Hakuna damu iliyomwagika, na aliyeshindwa hakuikimbia nchi. Cameron mwenyewe aliendelea na siasa, akaingia katika Seneti ya Australia kwa muda mfupi mwaka 1969 na baadaye akakaa miaka mingi katika baraza la juu la Bunge la jimbo.

Hapo ndipo nilipoishia darasani.

Sasa tutoke Millicent twende Adelaide, usiku ule ule wa tarehe 2 Machi, tutazame matokeo ya jimbo zima. Labor, chini ya Waziri Mkuu Don Dunstan, ilipata karibu asilimia 52 ya kura. Liberal, chini ya Steele Hall, ilipata takribani asilimia 44. Msomaji asiyeijua nchi hiyo atasema Dunstan alishinda, na kwa hesabu ya kawaida atakuwa amesema kweli. Lakini viti vya Bunge viligawanyika hivi: Labor 19, Liberal 19, na kimoja cha mbunge huru, Tom Stott. Stott aliiunga mkono Liberal. Aliyepata kura nyingi akatoka, aliyepata chache akaingia.

Mzizi wa jambo hilo ni sheria ya mwaka 1936, iliyotungwa wakati wa serikali ya Richard Butler. Sheria hiyo iliweka viti 39, kila kiti mbunge mmoja, na kuvigawa hivi: viti 26 kwa mashamba na miji midogo, viti 13 kwa Adelaide. Hoja yake ilisikika vizuri masikioni. Mashamba ndiyo yaliyolisha jimbo, watu wake walikuwa wametawanyika, na mbunge wao alisafiri siku nzima kuwafikia. Adelaide, hata hivyo, iliendelea kukua, na kufikia miaka ya 1960 ilikuwa na takribani theluthi mbili ya wakazi wa jimbo huku ikibaki na theluthi moja ya viti. Katika uchaguzi wa 1968, eneo bunge la Frome, kaskazini mwa jimbo, lilikuwa na kura halali zipatazo 4,500. Enfield, katika vitongoji vya Adelaide, lilikuwa na takribani 42,000. Yote mawili yalitoa mbunge mmoja mmoja. Yaani mpiga kura mmoja wa Frome alikuwa sawa na wapiga kura tisa wa Enfield, na wote waliambiwa kwamba kura yao ina uzito.

Jambo hili linashangaza zaidi ukijua lilitokea wapi. Australia Kusini si mwanafunzi wa nyuma katika darasa la demokrasia. Mwaka 1856 ilikuwa miongoni mwa makoloni mawili ya kwanza kuweka kura ya siri kwa karatasi iliyochapishwa na serikali, utaratibu ulioenea duniani hata ukaitwa kura ya Kiaustralia. Karatasi tunayoingia nayo faraghani siku ya uchaguzi ni mjukuu wa karatasi ile. (Ndugu zangu wa Uganda waliojipanga mstari nyuma ya wagombea wa LC1 mwaka 2018, jirani akimwona jirani, wanajua tofauti yake bila kufundishwa na mwalimu.) Mwaka 1894 jimbo hilo liliwapa wanawake haki ya kupiga kura na pia ya kugombea ubunge, wakati ambapo haki hiyo ya pili ilikuwa haijatolewa na Bunge lolote duniani. Watu hao hao, miaka arobaini na miwili baadaye, walitunga sheria iliyohesabu kura zote kwa uaminifu na kuzipima kwa mizani iliyopinda.

Aliyenufaika zaidi na mizani hiyo ni Thomas Playford, Waziri Mkuu wa jimbo kuanzia 1938 hadi 1965, zaidi ya miaka 26 mfululizo. Waaustralia waliuita mpango huo Playmander, wakiliunganisha jina lake na neno la Kimarekani la hila ya kuchora mipaka, ingawa si yeye aliyeutunga, na kiini chake hakikuwa mistari iliyopindapinda bali idadi zisizolingana. Mwaka 1962 Labor ilimshinda kwa kura, na hata kwa viti, 19 dhidi ya 18, lakini wabunge wawili huru walimuunga mkono naye akabaki.

Sipendi kumchora Playford kama mwizi. Hakuwa. Alikuwa mkulima wa matunda, mtu wa maisha ya kawaida, na alilitoa jimbo lake katika utegemezi wa ngano na sufu akalipeleka katika viwanda. Mwaka 1946 alitaifisha kampuni ya umeme, jambo ambalo hata wapinzani wake wa mrengo wa kushoto walilipigia makofi. Ndiyo maana kisa chake kinatufaa kuliko visa vya madikteta. Hapa hakuna kura iliyoibwa wala sanduku lililotupwa mtoni, na msimamizi wa kituo hakutishwa na mtu. Kila karatasi ilihesabiwa, na bado walio wengi walishindwa mara kwa mara. Tena viwanda vya Playford mwenyewe ndivyo vilivyowavuta wafanyakazi kwenda Adelaide, ambako waliipigia Labor. Aliijenga kwa mikono yake hadhira iliyotaka aondoke, na sheria ya 1936 ikamkinga nayo.

Mwaka 1965 ukuta ulipenywa. Labor ikaunda serikali chini ya Frank Walsh, na mwaka 1967 Dunstan akashika hatamu. Lakini sheria haikubadilika, kwa sababu baraza la juu la Bunge lilikuwa mikononi mwa Liberal. Mwaka 1968 ilitosha kwa Labor kupoteza maeneo bunge mawili ya kandokando ya mto Murray, Chaffey na Murray, ili asilimia 52 ya kura iwe kushindwa.

Dunstan hakujiuzulu mara moja. Alisema atakutana na Bunge kwanza, na kwa muda wa wiki sita hivi alilizungumza jambo moja tu: thamani sawa kwa kila kura. Maelfu ya watu walikusanyika katika uwanja wa Light Square, Adelaide, kupinga mfumo huo. Wapo waliomlaumu kwa kung'ang'ania kiti, na mimi ninawaelewa, kwani sisi wa ukanda huu tuna sababu zetu za kumshuku kiongozi anayechelewa kuondoka. Lakini Bunge lilipokutana katikati ya Aprili na kumkataa, aliondoka, na Steele Hall akawa Waziri Mkuu.

Turudi kwenye kura ile moja. Kama mpiga kura mmoja wa Millicent angebadili nia, Cameron angeshinda, Liberal ingekuwa na viti 20, na isingemhitaji mtu. Kwa kuwa Corcoran alishinda, na akashinda tena mwezi Juni, Bunge lilibaki 19 kwa 19. Stott akawa Spika, na kila pande zilipolingana kura yake ndiyo iliyoamua. Serikali ya Hall iliishi kwa pumzi ya mtu mmoja. Mwaka 1970 Stott alitofautiana nayo kuhusu bwawa la kuhifadhi maji ya mto Murray, yeye akilitaka Chowilla, ndani ya jimbo na karibu na wapiga kura wake, serikali ikikubali lijengwe Dartmouth, katika jimbo jirani la Victoria. Akapiga kura dhidi ya serikali, nayo ikaanguka.

Lakini kabla ya kuanguka, Hall alikuwa amefanya jambo ambalo wanasiasa hulifanya kwa nadra. Huyu ni mtu aliyepewa madaraka na mfumo mbovu. Angeweza kuulinda, au kuunda tume isiyotoa ripoti. Badala yake, akikabiliana na upinzani wa wenzake chamani, alipitisha mageuzi yaliyoongeza viti kutoka 39 hadi 47 na kuipa Adelaide na vitongoji vyake viti 28. Mtu yeyote aliyejua kujumlisha aliona kwamba kwa ramani hiyo Labor ingeshinda uchaguzi uliofuata. Tarehe 30 Mei 1970 ikawa hivyo: Labor 27, Liberal 20. Dunstan akarudi, Des Corcoran akiwa naibu wake. Hall sijaona jina lake kwenye bango lolote la elimu ya uraia. Vitabu humsifu Dunstan, aliyedai haki ambayo ingemfaa. Mimi nikiwa darasani huanza na yule aliyeitoa akijua itamgharimu kiti.

Ramani ya 1970 bado iliyapa mashamba upendeleo kidogo. Mwaka 1975 serikali ya Dunstan ilipitisha sheria iliyounda tume huru ya mipaka na kuiamuru ichore maeneo bunge yenye wapiga kura wanaokaribiana kwa idadi, tofauti na wastani isizidi asilimia 10. Mipaka haikuwa tena mali ya wabunge.

Mwaka huo huo wa 1975 Corcoran aliiaga Millicent akahamia Coles, katika vitongoji vya Adelaide. Alipoondoka, kiti ambacho baba na mwana walikuwa wamekishikilia kwa miaka 19 kilichukuliwa na Murray Vandepeer wa Liberal. Inaonekana wengi walikuwa wakimchagua Corcoran kuliko chama chake. Februari 1979 Dunstan alijiuzulu kwa sababu ya maradhi, na Corcoran, mtu wa kura moja, akawa Waziri Mkuu wa Australia Kusini hadi aliposhindwa uchaguzini Septemba mwaka huo.

Vandepeer alikaa miaka miwili tu. Tume mpya ilipochora ramani yake ya kwanza, ile iliyotumika mwaka 1977, watu wa Millicent hawakutosha tena kuwa na mbunge wao peke yao. Eneo bunge likafutwa, na wapiga kura wake, yumo na yule mmoja wa mwaka 1968 ambaye hakuna ajuaye ni nani, wakaunganishwa na majirani.